Tumbo Jipya la Zito

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, mgongo ukutani, uso barabarani. Anayepita bila kusalimia tunamjadili. Anayesalimia tunamjadili akishapita. Wenyewe tuko wachache. Yupo Ticha, ambaye hajawahi kufundisha hata herufi moja. Alikuwa mpiga kengele wa shule mpaka akastaafu, lakini anasema elimu inaambukiza. Yupo Kapteni, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye lori lake hukaa gereji zaidi kuliko barabarani, na mambo yote ya ng'ambo ni mali yake. Yupo Dada Kahawa na birika lake, ambaye hakai ila haondoki. Na yupo Zito, mpishi wa shule ya bweni, aliyekuwa akikaa ubao unapinda. Zito alikwenda nje kukatwa tumbo ili apungue, maana magoti yalishagoma kumbeba, na usiku pumzi ilikuwa inakatika usingizini, mkewe anakesha akimtikisa. Dada yake anayeishi huko ndiye aliyempangia hospitali. Sasa amerudi, suruali anaishikilia kwa mkono, na ameambiwa atembee kidogo kila asubuhi. Kwa hiyo mkewe, shemeji yetu, anamtembeza mpaka benchini, anatukabidhi, kisha anakwenda kazini kwake.

Asubuhi ninayoisimulia alitukabidhi kama kawaida, na chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe.

— Jamani, huyo ni amana yenu mpaka mchana. Chakula chake nitakuja nacho. Maji anywe kidogo kidogo, asiache.

— Shemeji, nenda salama, tukamjibu kwa pamoja. Hapa yuko kwao.

Alipokata kona tu, Ticha akakohoa kile kikohozi chake cha kufungua kikao.

Ticha: Haya, Zito. Leo tuliweke sawa jambo hili. Walikukata wapi?

Zito: Tumbo, Ticha. Si nilishawaambia? Wamelipunguza. Lililobaki ni jembamba, kama ndizi.

Kapteni: Tumbo lipi? La nje au la ndani?

Zito: La ndani.

Kapteni: Sasa mbona linalopungua ni la nje?

Zito: Hilo linafuata lenyewe, polepole.

Dada Kahawa: Linamfuata nani?

Zito akafumba macho. Tangu arudi alikuwa mwepesi wa kufumba macho, na hata sauti yake ilikuwa imekonda.

Kapteni: Ngojeni, ngojeni. Wamekata, sawa. Kile kipande kilichokatwa kiko wapi?

Zito: Sijui. Nilikuwa nimelala.

Kapteni: Amelala! Mtu anakatwa tumbo, amelala! Ungemwachia mtu akulindie.

Mimi: Si kimetupwa?

Kapteni: Fundi, wewe shona viatu. Kule hakitupwi kitu. Nimefika mpakani mimi, nimeona kwa macho, hata chupa tupu ina mwenyewe. Kipande cha Zito kiko kwenye friji, kina jina lake.

Dada Kahawa: Cha kazi gani?

Kapteni: Wapo watu wembamba wanaotaka kunenepa, au hawapo? Unadhani wananenepa vipi? Wanashonewa! Saa hizi kuna mtu huko amekaa mezani na tumbo la Zito, sahani ya tatu hiyo, anajishangaa mbona hashibi.

Tulicheka mpaka ubao ukatikisika. Zito naye alicheka, ameshika tumbo kwa viganja viwili.

Zito: Msinichekeshe, jamani. Nina nyuzi.

Ticha: Usihuzunike. Haba na haba hujaza kibaba. Tumbo lako ukilipa haba leo, haba kesho, litajaa, litarudi kuwa kibaba kama zamani.

Zito: Sitaki lirudi, Ticha. Ndiyo maana nilikwenda.

Ticha: Methali haimuulizi mtu anataka nini.

Hapo mfuko wa shati la Zito ukalia. Tii, tii, tii. Akafungua chupa, akanywa funda dogo, la kulowesha ulimi tu, halafu akakunja uso na kungoja, kifua kimesimama, mpaka lilipopita. Ndipo akavuta pumzi.

Dada Kahawa: Huyo anayekupigia kila mara ni nani? Shemeji anamjua?

Zito: Si mtu. Ni kengele ya maji, nimeitega kwenye simu. Kiu siisikii siku hizi. Nisipokumbushwa sinywi.

Kapteni: Mtu mzima hasikii kiu?

Zito: Kiu siisikii. Njaa pia siisikii.

Dada Kahawa akaweka birika chini. Ukiona ameliweka birika chini ujue ana lake.

Dada Kahawa: Mimi sikutaka kusema. Lakini mwenye akili na ajiulize. Zito ninayemjua mimi alikuwa akimaliza vikombe sita, sukari anajiwekea mwenyewe kwa sababu mkono wangu haumtoshi. Huyu kahawa hagusi. Kiu hana. Njaa hana. Tumeletewa nani?

Zito: Ni mimi, dada.

Dada Kahawa: Kama ni wewe, sema. Mwaka ule wa mafuriko nilimwagia nani kahawa ya moto?

Zito: Mimi. Hapa pajani.

Ticha: Hilo hata mdogo wake angelijua.

Mimi: Zito hana mdogo wa kiume.

Ticha: Basi ndiye.

Mimi: Ndiye nani?

Ticha: Si ndiyo nauliza?

Kengele ikalia tena. Tii, tii, tii. Zito akanywa, akakunja uso, akangoja.

Dada Kahawa: Mmeona? Nyinyi mnasema simu. Hiyo ni mashine, iko ndani ya tumbo. Simu ni rimoti yake. Daktari akibonyeza kule, huku anakunywa.

Kapteni: Inawezekana. Hata lori jipya siku hizi linazimwa na tajiri akiwa kitandani kwake.

Zito: Jamani, ni kengele tu.

Basi hapo Ticha akavimba. Mtu akitaja kengele mbele ya Ticha, ametaja ukoo wake.

Ticha: Kengele tu? Mimi nimeishi kwa kengele. Kengele ina heshima yake. Inaanza kipindi, inamaliza kipindi, watoto wanaingia, watoto wanatoka. Hii inalia, haingii mtu, hatoki mtu, inalia tena! Mwanafunzi yeyote akisikia kengele ya namna hii ataacha kuisikiliza. Na wewe utaacha. Ni hasara kwa elimu.

Zito: Kusema kweli hata mimi imenichosha. Maji yenyewe yananiuma. Kila funda ni kama nimemeza kokwa. Nalingoja lishuke, najiuliza litashuka kweli?

Hilo ndilo neno lililonigusa. Mtu kuumwa na maji! Nilikuwa na kiatu mkononi, nimetoka kukishona pembeni, na wazo likanijia zima zima.

Mimi: Zito, tumbo hilo wamelifunga kwa nini? Kwa uzi au kwa gundi?

Zito: Pini ndogo ndogo za chuma. Na uzi kidogo.

Mimi: Wamelishona, basi.

Zito: Wamelishona.

Mimi: Sasa nisikilizeni, maana hapa mmefika kazini kwangu. Kiatu nikikishona leo, namwambia nini mwenyewe? Usikikanyagishe majini! Ushono mpya haulowekwi. Maji yanaingia kwenye tundu la sindano, uzi unavimba, tundu linapanuka, na kesho mtu ananirudia kidole kiko nje. Tumbo la huyu limeshonwa juzijuzi. Na sisi tunaliloweka kutwa nzima, tii, tii, tii. Litaacha kuuma?

Walinyamaza. Jamani, walininyamazia mimi! Miaka yote hiyo nimeshona mbele yao na hakuna aliyewahi kuniuliza jambo lolote lililo juu ya kifundo cha mguu.

Kapteni: Fundi amesema neno. Hata rejeta ya lori ukiiziba huijazi maji papo hapo. Unaiacha ikauke.

Ticha: Maji yakimwagika hayazoleki.

Zito: Lakini daktari alisisitiza sana maji. Alisema chakula kinaweza kungoja, maji hayangoji.

Ticha: Daktari huyo yuko wapi?

Zito: Huko huko.

Ticha: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Fundi yuko hapa, na ushono ni kazi yake.

Zito akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kutii, ambaye sasa anapewa ruhusa na watu anaowapenda.

Zito: Labda nipumzike kidogo tu. Mpaka pakauke.

Mimi: Mpaka pakauke. Ndiyo maneno hayo.

Nikamchukulia chupa, nikaiweka kwenye rafu yangu katikati ya soli na visigino. Ticha akaomba simu, akaishika mbali na macho, akabonyeza huku na huku mpaka kengele ikanyamaa, akairudisha kama mtu aliyefunga shule. Zito akaegemea ukuta. Nilijisikia vizuri sana, siwafichi.

Jua likapanda. Tukazungumza mengine na mengine, lakini kila tukizunguka tunarudi kwa Zito, kwa sababu hata sisi hatukuwa tumeelewa. Kama kilichokatwa ni tumbo, mbona alipungua uso? Mbona na vidole? Kapteni akasema mafuta ya mwili ni kama dizeli, tangi likitobolewa yanashuka kote. Dada Kahawa akasema hapana, wamemvuta kwa ndani. Ticha akasema kikulacho ki nguoni mwako, na tulipomuuliza ana maana gani akasema tufikirie.

Kapteni: Lakini mbona kanyamaza? Zito! Uko?

Zito: Niko.

Kapteni: Unawaza nini?

Zito: Hapana.

Ticha: Hilo si jibu la swali hilo.

Mimi: Anapona. Anayepona hunyamaza.

Dada Kahawa: Anapona wapi? Mmezima simu, na yeye amezimika. Nilisema mimi, ni mashine!

Tukamcheka Dada Kahawa. Alichukia, akamimina kwa pupa, na birika likaishia kwenye kikombe cha Kapteni, nusu.

Dada Kahawa: Kahawa imekwisha. Na bomba la huku halitoi tangu jana.

Kapteni: Si kuna maji hapo kwa Fundi? Hayana kazi tena.

Dada Kahawa akanyoosha mkono kwenye rafu, akafungua chupa, akayamimina maji yote birikani. Akachochea mkaa. Ilitoka kahawa safi kabisa, isiyo na harufu ya bomba, na tukaisifu. Hata Ticha, ambaye husifu kwa nadra, alirudia.

Zito akasema kitu. Alisema chini chini, macho yamefumbwa.

Zito: Punguzeni moto. Uji utaungua chini.

Kapteni: Uji gani?

Zito: Watoto wamepanga foleni tayari.

Tukatazamana.

Kapteni: Mnasikia? Nimewaambia nini? Yule mwenye kipande huko anapika! Anapika huko, huyu anasikia huku!

Ticha: Au anaota.

Kapteni: Mtu anaota saa hizi?

Ticha: Kwa nini isiwezekane? Mimi nimeota sana kazini.

Mimi: Lakini anatoa jasho? Mtu akipika anatoa jasho.

Tukamtazama. Hakuwa na jasho hata tone, na jua lilikuwa limetufikia magotini. Dada Kahawa akasema hiyo ni dalili nzuri, amekauka. Mimi nikakubali, na tena nikaongeza kwamba ngozi nayo ikikauka vizuri ndipo inaposhika umbo. Nililisema hilo kwa mdomo wangu.

Basi ndipo akaja mama mmoja ambaye hatumjui, amevaa kandambili moja na ya pili ameishika mkononi, mkanda umeng'oka.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, karibu mama.

— Fundi, nifungie huu mkanda. Nakwenda mbali na njia ina moto.

Nikaipokea. Akakaa pale penye nafasi, yaani kando ya Zito, akijipepea. Akamtazama mara moja, akageuka barabarani, kisha akamtazama tena.

Mama: Mwenzenu anaumwa?

Ticha: Aliumwa. Sasa anapona. Kupona kwenyewe ndiko huko.

Mama: Mbona midomo imepasuka hivi? Leo amekunywa maji saa ngapi?

Swali dogo, la mtu mwenye kandambili moja. Ticha akamtazama Kapteni. Kapteni akanitazama mimi. Nikaanza kumweleza habari ya ushono. Nikamweleza tundu la sindano, uzi unavyovimba, kidole kinavyotokea nje. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama kandambili yake mkononi mwangu, akanitazama usoni.

Mama: Baba, huyu ni mtu.

Nikaishusha kandambili.

Mama: Maji yake yako wapi?

Dada Kahawa alikuwa ameshika birika, na nilimwona akilishusha taratibu mpaka chini, bila sauti. Ticha alikuwa na kikombe mdomoni, akakitoa. Mimi changu nilikuwa nimekimaliza, yamebaki machicha.

Nikamgusa Zito kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, na ngozi niliyoivuta kwa vidole ilichelewa kurudi. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikasahau jina lake la kuzaliwa, nikabaki naita Zito, Zito, na hilo jina halikufanana naye tena.

Mimi: Zito! Ndugu yangu! Nisikie!

Zito: Mke wangu amekuja?

Mimi: Anakuja. Anakuja sasa hivi.

Dada Kahawa alikuwa ameshatoka mbio, birika limelala, mkaa umemwagika, anagonga mlango wa jirani akiomba maji, jamani maji, hata glasi moja. Kapteni akakimbilia duka la nafaka kuomba gari la kubebea magunia. Ticha ameishika simu ya Zito, anabonyeza, anabonyeza, anataka kuiwasha ile kengele tena.

Ticha: Inawashwaje hii? Fundi, inawashwaje?

Mimi: Mimi najuaje, Ticha!

Maji yakaletwa. Nikamwinulia kichwa. Funda la kwanza lilimwagika kidevuni. La pili akalimeza, akakunja uso, na mimi nikaushukuru ule uso kukunjika. La tatu akalikataa. Yule mama akasema asilazimishwe, apelekwe, wenye dawa zao wapo. Nikampigia shemeji. Aliposema "haloo" kwa furaha yake ile, maneno yote niliyo nayo, na mnajua ninayo mengi, yakanikauka. Nikasema tu, njoo hospitali.

Gari likarudi nyuma mpaka benchini. Kapteni alimchukua Zito peke yake, mikono miwili, akamweka kwenye kiti, na alipogeuka alikuwa analia. Hakulia kwa uzito. Alimwona mwenzake alivyo mwepesi, na hakuwa amejua, ingawa alikaa naye kila siku.

Kapteni akashika usukani. Yule mama akauzuia mlango usifungwe.

Mama: Sikilizeni. Mkifika mtaulizwa maswali, na mgonjwa amechoka. Watauliza alifanyiwa nini, alikatwa wapi, akashonwa vipi, anatumia dawa gani, alikatazwa nini. Wakijibiwa ovyo watamtibu ovyo. Apande mmoja anayejua. Nani kati yenu anajua hasa alichofanyiwa huyu bwana?

Tulikuwa hatuna mazungumzo mengine tangu arudi. Ticha akaitazama simu ya Zito mkononi mwake. Kapteni akatazama mbele, kwenye kioo. Dada Kahawa akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwani. Mimi nilikuwa nimesimama na kandambili ya watu mkononi na sindano imening'inia.

Kisha kutoka ndani ya gari mkono mmoja ukainuka, polepole, kama wa mwanafunzi asiye na hakika kama atapewa nafasi ya kusema. Ulikuwa wa Zito.

— Mimi, akasema. Mimi najua.